Rovu: Kutoka Kisu cha Kocher Hadi Mikono ya Roboti

Leo tunazungumza juu ya shingo.

Swali hutufikia mara kwa mara, na kila mara huulizwa kwa sauti ya chini. Je, ni kweli kwamba siku hizi rovu hutolewa na roboti, na shingo ikabaki safi bila kovu? Rovu ni ule uvimbe wa mbele ya shingo, ambao wengine huuita goita na wengine husema tu kwamba shingo imevimba. Anayeuliza mara nyingi ameambiwa na daktari kwamba atahitaji upasuaji. Ameogopa, amerudi nyumbani, na sasa anangoja. Kisha akasikia habari za roboti za Korea au India, akaona afadhali angoje zaidi.

Jibu la mkato ni kwamba ndiyo, roboti ipo na hufanya kazi hiyo. Lakini jibu la mkato halimsaidii mama kuamua. Ili ajue roboti imebadilisha nini na haikubadilisha nini, yafaa ajue jinsi madaktari walivyojifunza kuitoa tezi hii. Kwa hivyo leo tutasimulia historia, na mwisho wake tutarudi hapa kwetu.

Tuanze na tezi yenyewe. Huitwa thairoidi. Imekaa mbele ya bomba la pumzi, chini kidogo ya kifundo cha koo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoupa mwili kasi yake: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe vipi, mtoto akue vipi, hata akili ifanye kazi vipi. Homoni hiyo haitengenezeki bila madini ya iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita madini joto. Iodini ikikosekana tezi hujitanua ikijaribu kukidhi haja, na hilo ndilo rovu la kawaida. Lakini si kila rovu latokana na iodini. Mengine huota vinundu, mengine hutoa homoni kupita kiasi, na machache huwa saratani.

Uvimbe huu ni wa zamani. Tabibu mkubwa wa Andalusia, al-Zahrawi, aliyefariki kama mwaka 1013, aliuandika katika kitabu chake cha tiba na akasema huwapata zaidi wanawake. Hakukosea, kwani hata leo katika kila hospitali ya Afrika Mashariki wanaopasuliwa rovu wengi wao ni wanawake. Pia aliwaonya waganga wenzake wasiwe na pupa ya kutia kisu shingoni.

Onyo hilo lilikuwa na sababu. Tezi hii hupitiwa na damu nyingi mno kwa udogo wake. Kabla ya 1850, karibu wagonjwa wanne kati ya kila kumi waliotolewa rovu walikufa, ama kwa kuvuja damu, ama kwa kidonda kuoza, ama kwa kukosa pumzi. Mwaka 1850 Akademia ya Tiba ya Ufaransa ikaupiga marufuku upasuaji huo. Daktari maarufu Theodor Billroth alijaribu akiwa Zurich, akapoteza wagonjwa wengi hata akaacha kwa miaka mingi. Tukisikia bibi anasema kwamba shingo haipasuliwi, tusimcheke. Wakati mmoja hiyo ilikuwa kauli ya madaktari wenyewe.

Mambo yalianza kubadilika baada ya kupatikana dawa ya usingizi mwaka 1846, halafu mafunzo ya Joseph Lister ya kuua vijidudu mwaka 1867, na baadaye koleo za kubana mishipa ya damu. Aliyeviunganisha vitu hivi kwa subira kuliko wote alikuwa Mswisi, Theodor Kocher, aliyekuwa profesa wa upasuaji mjini Bern tangu 1872. Uswisi ni nchi ya milima iliyo mbali na bahari, na udongo wake una iodini kidogo. Siku hizo marovu yalikuwa yamejaa vijijini, yalikuwa jambo la kawaida kama mafua.

Kocher hakuwa mwenye haraka. Alikata polepole, akafunga kila mshipa wa damu mmoja mmoja kabla ya kuendelea. Mkato wake ulikuwa wa kulala chini ya shingo, kama ushanga unapokaa, na mpaka leo ndio mkato unaotumika katika hospitali nyingi duniani, za Kenya zikiwemo. Koleo zake nazo zingali zinaitwa kwa jina lake, na muuguzi wa chumba cha upasuaji akisema "Kocher" anataja mtu. Mwanzoni alipoteza karibu mgonjwa mmoja katika kila wanane. Kabla ya karne ile kwisha, alikuwa akipoteza chini ya mmoja katika mia.

Lakini ustadi huo ulileta msiba ambao hakuna aliyeutarajia. Kwa kuwa alikuwa hodari, Kocher aliweza kuitoa tezi yote bila kubakisha kitu. Mwaka 1874 alimpasua msichana wa miaka 11, na kidonda kikapona vizuri. Baadaye daktari wa kijijini kwao akamwandikia Kocher kwamba mtoto yule amebadilika. Kocher akaanza kuwaita wagonjwa wake wa zamani warudi awatazame. Msichana alikuwa ameacha kukua. Mdogo wake, ambaye zamani walilingana kimo, sasa alikuwa mwanamke mzima na yeye amebaki chini, uso umevimba, akili imekuwa nzito. Kati ya wagonjwa 18 waliotolewa tezi yote ambao Kocher aliweza kuwapima tena, 16 walikuwa na dalili kama hizo. Mwaka 1883 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin akayasema haya hadharani, na akaahidi kwamba rovu lisilo la saratani hataliondoa lote tena.

Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito katika historia hii, kuliko hata Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1909. Daktari aliwaita wagonjwa waliokwisha "kupona" ili aone kama kweli walipona. Na kutokana na msiba huo dunia ikajua kazi ya tezi hii, kwani kabla ya hapo wengi walidhani haina kazi yoyote.

Dawa haikukawia sana. Mwaka 1891 daktari Mwingereza wa Newcastle, George Murray, alikamua maji ya tezi ya kondoo akamdunga mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi, akitumia dawa iliyotokana na tezi za kondoo mamia na mamia. Mwaka 1914 homoni yenyewe ikatengwa huko Marekani, na mwaka 1927 ikajulikana namna ya kuitengeneza maabarani. Leo ni kidonge kidogo kiitwacho thairoksini, kinachomezwa kila asubuhi. Mama aliyetolewa tezi yote leo hapatwi na yale ya msichana wa Bern, almuradi asiache kidonge.

Zipo hatari mbili nyingine ambazo madaktari walizigundua kwa gharama ya wagonjwa. Ya kwanza ni sauti. Nyuma ya tezi, kila upande, hupita mshipa mwembamba wa fahamu unaoongoza nyuzi za sauti. Ukikatwa au ukivutwa mmoja, sauti hukwaruza. Ikiumia yote miwili, hata pumzi hukatika. Ya pili ni tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, zilizogandana na thairoidi kwa nyuma. Mwanafunzi wa udaktari wa Uswidi, Ivar Sandström, alizieleza mwaka 1880, lakini ilichukua miaka mingi watu wajue kwamba ndizo zinazotunza kalsiamu katika damu. Zikitolewa kwa bahati mbaya, mgonjwa huanza kufa ganzi midomo na vidole, kisha misuli hukaza. Daktari mpasuaji wa leo hupimwa kwa jinsi anavyovilinda vitu hivi: mishipa miwili ya sauti na punje nne.

Jambo jingine liwasaidie wale wanaonung'unika kwamba daktari anaahirisha upasuaji wao. Rovu linalotoa homoni nyingi, lile la moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na kukonda, lilikuwa likiua watu mezani hata baada ya Kocher. Miaka ya mwanzo ya 1920 Henry Plummer wa Mayo Clinic, Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa akitulizwa kwanza kwa matone ya iodini, vifo hupungua sana. Siku hizi zipo dawa nyingine za kutuliza tezi kabla ya kisu. Ukipewa vidonge kwa wiki kadhaa kabla ya tarehe, usidhani unazungushwa.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana hapa historia ilishika njia yake.

Kwetu vita vya rovu vilipiganwa zaidi jikoni kuliko katika chumba cha upasuaji. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zilikuwa na marovu mengi sana. Miaka ya 1980, karibu robo ya watoto wa shule wa Tanzania walikuwa na rovu kubwa au dogo. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka sheria ya chumvi. Kufikia 2004, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kama 7 katika mia. Hakuna mpasuaji awezaye kufanya hivyo, hata akiwa na mikono ya roboti kumi.

Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu upande wa Congo, wataalamu wa Kibelgiji waliona jambo la ajabu miaka ya 1960. Watu wa kaskazini mwa kisiwa na wa kusini-magharibi wote walikosa iodini kwa kiasi kilekile. Lakini kaskazini zaidi ya nusu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo mchungu usiorowekwa na kuandaliwa vizuri una sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini. Sisi wa pwani twala muhogo, na hatusemi muuache. Roweka, menya, chemsha vizuri, na ule pamoja na samaki, kwani samaki wa bahari ana iodini.

Kenya ililazimisha chumvi itiwe iodini tangu mwaka 1978. Hili latuhusu moja kwa moja, kwa sababu chumvi nyingi ya nchi hii hutoka karibu na sisi, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huachwa yakauke kwa jua. Malori yake hushuka kwa barabara ya Malindi, yakavuka daraja la Mtwapa na kupita hapa Shanzu. Wengi hudhani kwamba chumvi ikiwa ya bahari basi ina iodini yenyewe. La hasha. Ikikauka hubaki na iodini kidogo mno isiyotosha, ndiyo maana kiwanda huongeza. Chumvi ya mawe ya kuokota au ile ya gunia isiyo na maandishi haina uhakika huo. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini, iweke katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na uitie chunguni mwishomwisho wa kupika.

Hata hivyo tuseme kweli. Chumvi huzuia rovu kwa mtoto, na huweza kulipunguza rovu changa. Rovu la miaka 15 lenye vinundu halirudi nyuma kwa chumvi, wala kwa chale za mganga, wala kwa kulifunga kitambaa. Likianza kubana koo, au likikua ghafla, au sauti ikikwaruza, au mtu ashindwe kulala chali kwa kukosa pumzi, hapo hospitali haikwepeki.

Na sasa hiyo roboti.

Kufikia mwisho wa karne ya 20, katika nchi tajiri upasuaji wa rovu ulikuwa umekuwa salama kiasi kwamba watu walianza kulalamikia kovu. Kwanza zikaja kamera nyembamba. Mwaka 1997 madaktari wa Italia walitoa nusu ya tezi kwa vyombo virefu na kamera, kupitia vitundu vidogo shingoni. Mwaka 2000 madaktari wa Japani wakaieleza njia ya kupitia kwapani, na nyingine ya kupitia kifuani karibu na matiti, ili shingo isiguswe kabisa. Tatizo likawa vyombo. Ni kama kushona kifungo ukitumia vijiti viwili virefu vilivyonyooka, huku ukitazama runinga.

Roboti ilikuja kutatua tatizo hilo la vijiti. Neno hili huwatisha watu, basi tulieleze. Roboti ya upasuaji haifikiri wala haikati yenyewe. Daktari ameketi pembeni kwenye kiti, ametia vidole katika vishikio, anatazama picha iliyokuzwa. Mikono ya chuma iliyo juu ya mgonjwa huiga mwendo wa vidole vyake, na ncha zake hupinda kama kifundo cha mkono. Mashine iliyoenea zaidi, iitwayo da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Mwishoni mwa 2007, daktari Woong Youn Chung na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Seoul, walianza kuitumia kutoa thairoidi kupitia kwapani. Mwaka 2009 walichapisha habari za wagonjwa wao 100 wa kwanza.

Tangu hapo njia zimekuwa nyingi. Kwa ile ya kwapani, mkato hufanywa chini ya mkono, kisha daktari hutengeneza njia chini ya ngozi, juu ya msuli wa kifua, kupita mfupa wa mtulinga mpaka shingoni. Njia nyingine ya Korea hutumia vitundu vinne: kwapa mbili, na kando ya chuchu mbili. Huko Marekani daktari David Terris alianzisha ya kupita nyuma ya sikio, kovu likafichwa na nywele. Na Bangkok, Thailand, daktari Angkoon Anuwong alieleza mwaka 2016 wagonjwa 60 aliowapasua kwa kupitia ndani ya mdomo, nyuma ya mdomo wa chini, bila kovu lolote la nje. Yeye hakutumia roboti bali kamera na vyombo vya kawaida, na baadaye wengine wakaitumia roboti kwa njia hiyohiyo.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Watu husema huu ni "upasuaji mdogo". Tundu ni dogo, ndiyo, lakini njia ya chini ya ngozi kutoka kwapani hadi shingoni ni ndefu kuliko ule mkato wa Kocher ulio juu ya tezi yenyewe. Kazi huchukua muda mrefu zaidi na gharama huwa kubwa zaidi. Kifua huweza kubaki na ganzi kwa muda. Na kwa kuwa mkono hunyanyuliwa kwa saa kadhaa, wako walioumia mishipa ya fahamu ya mkono, jambo ambalo kwa mkato wa shingoni halikujulikana. Mwaka 2011 kampuni inayotengeneza mashine hiyo iliacha kuunga mkono matumizi yake kwa thairoidi nchini Marekani, na madaktari wengi huko wakaiacha njia hiyo, ingawa wachache stadi waliendelea.

Kwa nini basi Korea ilisonga mbele? Sababu moja ni kovu, kwani wanawake vijana wa huko hawapendi alama shingoni. Sababu ya pili ina fundisho chungu. Tangu 1999 Korea ilikuwa na mpango wa kupima saratani mbalimbali, na hospitali zikawa zinaongeza kipimo cha altrasaundi ya shingo kwa bei ndogo. Wakapata vinundu vidogo sana. Kufikia 2011 saratani ya thairoidi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Maana yake, wengi walikuwa na kijisaratani ambacho kisingewadhuru maisha yao yote. Karibu wote walipasuliwa. Baadhi walipoteza kalsiamu, baadhi sauti, na wengi wakawa watu wa vidonge. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa Korea wenyewe lilipiga kelele, na katika mwaka mmoja upasuaji ukapungua kwa zaidi ya theluthi.

Roboti ya thairoidi ilikulia katika mazingira hayo: tezi ndogo, kinundu kidogo, mgonjwa mwembamba. Hospitali zetu huona mambo mengine. Mama huja na rovu alilolibeba tangu kifungua mimba, ukubwa wa embe, wakati mwingine limeteremka nyuma ya mfupa wa kifua. Rovu kama hilo halipiti kwenye tundu la kwapani. Hilo ni la mkato wa shingoni, na daktari aliyefanya mengi ya aina hiyo.

Hatusemi roboti haitufai kamwe. Afrika Kusini ilipata da Vinci yake ya kwanza huko Pretoria mwaka 2013, kwa maradhi ya tezi dume. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2023 kulifunguliwa Kigali, Rwanda, chuo cha IRCAD Africa kinachofundisha madaktari upasuaji wa vitundu vidogo na kamera. Ni tawi la taasisi ya Strasbourg ya Profesa Jacques Marescaux, yule ambaye Septemba 2001 aliketi New York akamtoa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari, kwa mikono ya roboti. Ujuzi unasogea. Kijana wa kike mwenye kinundu kidogo, ambaye ngozi yake huota makovu yanayovimba, ana haki ya kuuliza juu ya njia nyingine. Ama kuhusu kovu la kawaida, likikatwa kwenye mkunjo wa ngozi hufifia kwa mwaka mmoja au miwili, na hapa pwani mtandio umekuwa ukilificha bila umeme wala mamilioni.

Asije mtu akauza kiwanja cha familia aende ng'ambo kwa sababu ya neno roboti. Kabla ya hapo, nenda kliniki ya upasuaji ya hospitali yako ya rufaa, ukiwa na barua ya zahanati, na uulize. Tezi yangu inatoa homoni nyingi, kidogo au sawa? Je, kinundu kimechukuliwa chembe kwa sindano na kupimwa? Utatoa nusu au yote, na kwa nini? Wewe mwenyewe hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Swali hili la mwisho akina mama huona haya kuliuliza. Ulizeni tu kwa adabu, kwani daktari stadi hachukii, na idadi hiyo yaeleza mengi kuliko jina la mashine. Pia uliza mapema kwenye ofisi ya bima kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itagharamia kiasi gani.

Na wewe unayemuuguza mgonjwa, kazi yako ni siku ya kwanza na ya pili. Shingo ikivimba ghafla chini ya bandeji, au mgonjwa apumue kwa shida, usingoje muuguzi apite, mwite wakati huohuo, kwa maana huenda damu inavuja ndani na inabana bomba la pumzi. Akisema midomo inawasha au vidole vimekufa ganzi, sema pia, hiyo ni kalsiamu. Sauti kukwaruza siku chache ni kawaida, lakini ikipita wiki kadhaa rudini kliniki.

Aliyetolewa tezi yote atameza thairoksini kila asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kama nusu saa kabla ya chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu avimeze saa nne baadaye, kwani huzuia dawa isiingie mwilini. Akishika mimba asiache dawa hata siku moja, bali aende kliniki mara tu anapojua, maana mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa. Mtoto aliye tumboni katika miezi ya kwanza hutegemea homoni ya mama yake kwa ubongo wake.

Katika kipindi kijacho tutamzungumzia mtoto anayezaliwa bila tezi hii, yule mchanga anayelala mno, asiyelia, na manjano yake hayaishi. Kwaherini.